Kigelegele cha Mama wa Binti

Walioniambia nitakufa nikiacha tumbaku, hawa hapa, tunasalimiana kila siku. Mimi ni mzima, na nimenenepa.

Nilivuta kiko tangu nilipoolewa hapa Ihembe. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, tukiwa jikoni tunasubiri ndizi ziive, na sioni haya kusema kwamba nilikipenda. Hakuna mahubiri wala daktari aliyeniachisha. Kilichoniachisha ni kigelegele. Ujanani, nikipiga kigelegele harusini, watu wa mlima wa pili walijua bibi harusi ametoka ndani. Halafu mwaka juzi, kwenye kipaimara cha mjukuu, nilifungua mdomo ikatoka sauti fupi kama ya kuku aliyekanyagwa. Watoto walicheka. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akanipokea, akamalizia yeye. Na wakati huo binti yangu wa mwisho alikuwa ameshachumbiwa. Siku ya kumuaga binti, kwetu kigelegele cha kwanza ni cha mama yake. Niliapa kwamba hicho hakitatoka kinywani mwa wifi. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakitumbukiza kiko chooni.

Basi mwili ukaanza vituko. Nilidhani kifua kitatulia, kumbe ndiyo kwanza kinaamka. Nilikohoa kuliko nilivyowahi kukohoa nikivuta, na makohozi yenyewe rangi yake siisemi. Choo kikawa kigumu, mdomoni vidonda. Nikienda shambani nilikuwa mkali hata kwa migomba. Muuguzi wa zahanati alinisikiliza kifua, akasema, "Mama, kinajisafisha hicho. Vumilia, ila kikizidi urudi."

Wifi naye alikuja na tiba yake: jani la tumbaku alilolifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Wifi, vuta kidogo tu," alisema. "Mwili wako umeshazoea. Unataka ukohoe mbele ya wakwe utuaibishe?"

"Nitakohoa."

"Na kigelegele atapiga nani?"

"Mimi."

Alicheka hadi akashika mbavu, akaliacha lile jani mezani. Nilitaka kulitupa motoni, nikaogopa harufu yake. Nikalifukia chini ya mgomba, mbali na nyumba.

Kisha ikaja ladha. Siku moja nilionja ndizi na maharage nilizopika mwenyewe, nikatema. Na hapa kweli sitii chumvi: sufuria nzima ilikuwa haimezeki, na ndivyo nilivyokuwa nikiwapikia miaka yote, hakuna aliyesema neno. Nikapunguza chumvi. Mume wangu akaisukuma sahani.

"Hiki ni chakula cha wagonjwa," akasema. "Ulipokuwa unavuta ulikuwa unapika vizuri."

Nilimsogezea kikopo cha chumvi, nikaendelea kula. Nilikuwa nakula kwelikweli. Ndizi, viazi, karanga, na wale panzi wetu, senene, walipoingia msimu wao sikumsubiri mtu. Gauni la sherehe lilikuwa limeshashonwa, na zipu yake ikagoma katikati ya mgongo. Fundi wa Bugene, binti mwenye adabu, aliivuta tena taratibu, kisha akaiachia.

"Mama, kwani ulikuwa unaumwa ukapona?" akauliza.

"Ndiyo. Fumua, ongeza kitambaa. Mimi sipungui kwa ajili ya gauni."

Asubuhi moja, baada ya mvua, nilitoka uani nikasimama. Mibuni ilikuwa imechanua, na harufu ya yale maua ikaniingia hadi machozi yakanitoka. Nimezeeka katikati ya hiyo mibuni, na kwa miaka mingi nilikuwa naona weupe tu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko furaha, maana nilijiona nimeibiwa. Siku hiyohiyo nilipanda kutoka bondeni na dumu la maji kichwani, nikalipita jiwe ninalopumzikia bila kukumbuka kwamba lipo.

Hapo ndipo nilipoanza mazoezi. Niliingia ndani kabisa ya migomba, nikajaribu kigelegele cha kwanza. Majirani wakaja mbio kuuliza nani kajifungua.

Siku ya kumuaga binti, wakwe walijaa chini ya turubai. Mkeka ulitandikwa kutoka mlangoni hadi pale walipoketi. Wifi alisimama ubavuni kwangu, karibu kabisa, na nilijua amefuata nini. Binti yangu alipotokea mlangoni, nikapiga. Kilitoka vizuri, kirefu, kikapanda, na nikaona mume wangu akigeuza shingo. Halafu kikakatika. Kikohozi kikanishika mbele ya wale watu wote, kikanikunja hadi magotini. Niliogopa, sifichi. Wifi alikuwa ameshavuta pumzi ili anipokee.

Nilimwinulia kiganja asubiri. Nikakohoa mpaka nikamaliza, nikajifuta mdomo, nikanyooka. Binti yangu alikuwa bado amesimama kizingitini ananitazama, hajakanyaga mkeka, mpambe wake anamvuta mkono naye hasogei. Nikaanza upya, na hakutoka mlangoni mpaka nilipokimaliza mwenyewe.