Kazi ya Mzazi

Shemeji yangu amechanganya zege miaka ishirini na miwili. Ramani ya nyumba hajui kuisoma, ila mwonyeshe ukuta uliopinda, atakwambia kwa jicho tu umepindia wapi. Vijana wa saiti walimpachika jina Injinia kwa mzaha, naye akalipenda kweli. Hata mkewe, dada yangu mwenyewe, humwita hivyo mbele za watu.

Mwaka huu bunge lilipitisha sheria mpya ya mikopo ya chuo. Watoto wa vibarua wakopeshwe ada yote na pesa ya chakula, bila riba. Watoto wa wenye taaluma wapewe robo tu. Mimi nina kibanda cha fotokopi na kompyuta moja kuukuu, na wiki ile watu walijipanga hadi barabarani niwajazie fomu. Binti yao, mpwa wangu, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia. Dada alikuwa hashikiki kwa furaha.

Baba mtu alikuja na vumbi la saruji kwenye nyusi. Tukafika penye kazi ya mzazi.

"Shemeji, hapa niweke nini?"

Akageuka kuitazama foleni. Nusu yao walikuwa wanamjua. "Kwani wewe hunijui? Weka Injinia!"

Foleni ikaangua kicheko. Na mimi, kwa kupenda utani kuliko kazi yangu, nikaandika hivyo hivyo, nikatuma.

Majibu yakaja: robo ya ada. Nilijua papo hapo kosa liko wapi, lakini roho ilinisuta na mdomo ukawa mzito. Nikawaambia huenda ni mtandao tu, tungoje. Tukangoja siku tisa.

Mwishowe tulikwenda ofisi ya mikopo, yeye, binti na mimi. Afisa alikuwa mama mpole, akavaa miwani, akasoma.

"Hapa unaonekana ni mhandisi, mzee."

"Huo ni utani, mama. Ni jina la saiti."

"Sasa kazi yako hasa ni ipi?"

Binti alikuwa amesimama nyuma ya baba yake.

"Kibarua," shemeji alisema chini chini. Kisha, kama mtu anayezama, akapaza sauti, ofisi nzima ikageuka. "Mimi ni kibarua, mama! Nabeba zege! Kalamu yenyewe naishika kwa shida!" Akavitandaza viganja vyake mezani, vimepasuka vyote. "Nakuomba, tazama mikono hii."

Afisa aliitazama. Akavua miwani.

"Nakuamini, baba yangu. Lakini rufaa zilifungwa Ijumaa iliyopita, na mimi sina uwezo wa kuzifungua. Aombe tena mwakani."

"Na nafasi yake chuoni?"

"Asiporipoti Jumatatu na ada, anapewa mwingine."

Nje, shemeji aliketi kwenye ngazi akajishika kichwa. Analia mtu mzima yule, mabega yanatikisika, wapita njia wanamkwepa. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kumsema: sifa zimekuponza, shemeji, sifa hizi.

Binti akanikata kauli. Hakupaza sauti.

"Mjomba, baba hajui mambo ya fomu. Wewe unajua. Mbona uliandika?"

Alimwinua baba yake, wakaondoka, nami sikuthubutu kuwafuata.