Skrini Iliyosema Asante

"Dada Dorika, kompyuta ikikosea, yenyewe inajua?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la sita, kwenye kichumba chake cha kazi pale Newala. Hakunijibu. Alikuwa anamtazama bibi yangu, Bibi Anastasia, ambaye nilitoka naye Chilangala asubuhi ile kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wakulima wa kupewa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mikorosho yake ilishaanza kutoa maua. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiriunga ungeyamaliza yote.

"Mimi niliandikishwa," bibi alisema. "Karani alinionyesha kabisa, kioo kimeandika asante, umesajiliwa."

Mfumo ule wa usajili Dorika aliuandika peke yake, kwa PHP, lugha ya kuandikia programu aliyojifunza kwenye simu kabla hajawahi kumiliki kompyuta. Akaufungua.

"Bibi, ulizaliwa lini?"

"Mwaka mihogo ilipokauka."

"Ndivyo ulivyomwambia karani?"

"Ndivyo. Naye akaandika hivyohivyo. Ulitaka nimdanganye?"

Dorika akayaandika maneno hayo mahali pa tarehe, akabonyeza. Skrini ikasema asante, umesajiliwa. Akatafuta jina la bibi kwenye kumbukumbu za mfumo. Halipo. Tarehe ilikuwa imekataliwa kimyakimya, na skrini ikashukuru tu.

Alimsajili bibi palepale. Kisha kwa siku tatu alizunguka Chilangala kwa bodaboda na daftari la karani, akiwatafuta wazee wengine arobaini na mmoja ambao majina yao yalipotea namna ile.

"Shikamoo, Baba Evelina. Kosa ni langu, si la karani."

"Marahaba. Kumbe na kompyuta inaongopa macho makavu?"

"Nimeifundisha mimi."

"Basi mwalimu ana kazi."

Salfa ya bibi ilifika maua yakiwa bado mazima. Msimu ule alianika korosho mpaka mkeka ukawa mdogo.

Siku hizi karani akiandika tarehe isiyosomeka, mfumo unamwambia kwa Kiswahili: hujasajili bado, weka mwaka wa kukadiria. Papo hapo unaandika kosa lenyewe kwenye faili la Dorika: saa, kijiji, na maneno yaliyoingizwa. Analisoma kila asubuhi kabla ya chai. Ameshaongeza hata orodha ya miaka wanayoikumbuka wazee. Ule wa mihogo umo.

Sasa niko kidato cha tatu, na likizo hii ananifundisha. Jana programu yangu ilijaza skrini maandishi ya makosa, nami nikaona haya. Nikaandika amri ya kulidaka kosa, ila ndani yake, panapoandikwa cha kufanya kosa likitokea, sikuweka kitu. Skrini ikawa safi. Nikamwita aone.

Aliweka kidole kwenye ile nafasi tupu.

"Unakumbuka ulichoniuliza siku ile ya bibi?"

"Nakumbuka. Hukunijibu."

"Inajua," alisema. "Inajua palepale. Mimi ndiye niliyeiambia inyamaze, maana niliona aibu wateja kuyaona makosa yangu."