Kuziba Matundu ya Hewa

Juzi msimamizi wa nyumba alinipigia simu nikiwa kazini Gilgil. "Boss, shosho yako amewasha makaa ndani tena," akasema. "Na dirisha ameziba na blanketi. Wakaguzi wakimpata mara ingine, hiyo nyumba wanachukua." Nikapanda kwenda huko juu, upande wa Kuresoi, nikiwa na hasira, na nikwambie ukweli rafiki yangu, hasira yenyewe ilikuwa woga tu.

Huyo shosho, Nyanya yangu, ndiye aliyenilea. Kabla ya ghorofa hizi mpya anamokaa sasa, mtaa huo ulikuwa safu za nyumba za umma za mawe, chumba kimoja kwa kila familia, bati bila dari, na juu ya dirisha matundu mawili ya hewa ambayo hakuna mpangaji aliyeyapenda. Julai ukungu uliingia humo bila kubisha. Kwa hivyo nilipanda mabegani mwa Nyanya, nikayaziba kwa sweta kuukuu. Mtaani nilijulikana kwa kazi hiyo, na niliringa nayo. Nyanya alipuliza jiko nje mpaka makaa yakawa mekundu, ndipo akaliingiza katikati ya chumba, tukakaa kando yake tukichoma viazi.

Makaa hakuyapoteza ovyo. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, ikishachemka, aliifunga sufuria kwa blanketi, akailaza kitandani. "Mwache mgonjwa alale," aliniambia nilipotaka kuchungulia. Nikitoka shule ilikuwa imeiva yenyewe, bado inatoa mvuke. Blanketi hilo hilo ndilo tulilojifunika, na mpaka leo harufu ya maharagwe hunipa usingizi.

Kisha asubuhi moja jirani yetu, mama mshonaji, hakufungua mlango. Watu waliuvunja, wakamkuta amelala vizuri, jiko kando ya kitanda, matundu yamezibwa. Niliyaziba mimi, Jumamosi iliyotangulia, naye akanipa andazi. Mwalimu alitueleza darasani kwamba makaa hutoa hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, na kwamba chumba kikizibwa inaua.

Nyanya peke yake ndiye niliyemwambia kuwa aliyeyaziba ni mimi. Hakunigombeza. Aliyasukuma matambara yetu kwa mti wa ufagio yakaanguka nje, jiko likahamia kibarazani, na Julai hiyo yote alinipa mablanketi yote mawili. Yeye alilala na koti. Kifua kilimshika mwaka huo na hakijamwachilia.

Zilipokuja ghorofa nilisema sasa amepona. Lakini kuta ni nyembamba, madirisha yana mianya ambayo sheria inakataza kuziba, na maji yanayopashwa moto na jua, kwenye ukungu ule, ni maji baridi. Nilimnunulia hita ya stima. Ilizima taa za ngazi nzima ikapigwa marufuku. Makaa pia ni marufuku, na hapo siwezi kubishana na mtu. Nyumba ilipimwa ikapita. Nyanya hakuna aliyempima.

Nilimkuta amevaa makoti mawili, mikono juu ya jiko.

"Shosho, twende kwangu."

"Gilgil, kwa kile chumba chako kimoja? Hapa ndio kwangu."

"Unamkumbuka mshonaji?"

"Namkumbuka," akasema. "Alikufa akisikia joto."

Nilitaka anitukane, anipige hata, lakini alinitazama tu, mzee aliyechoka kutetemeka. Nikalivuta blanketi dirishani nikamfunika nalo mabega. Nikalichukua jiko, naye hakulishikilia. Aliingiza mikono kwapani akageukia ukuta.

Nyumba za mawe zilibomolewa zote. Hata mahali kilipokuwa chumba chetu sijui ni wapi, pengine ni pale wanapoegesha magari. Githeri ya kulazwa kitandani sijaiona kwa mtu miaka mingi. Hayo ningeyavumilia. Kinachoniuma ni kwamba zamani nilijua kumpa mtu joto, nikaua. Na sasa najua kumlinda mtu, na sijui kama nitamkuta hai nikirudi Jumamosi.

Niliyamwaga makaa uwanjani, yakafoka kwenye nyasi mbichi. Kikohozi chake kilinifikia pale chini, wazi kabisa, kwa sababu dirisha nilikuwa nimelizibua mimi.