Kawa Mlangoni Kabla Baba Hajapanda Nguzo

Nakumbuka Jumamosi moja pale Bwaise, umeme ulipokatika katikati ya harusi ya shangazi yangu. Mwanangu, enzi hizo mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Baba, aliyekuwa fundi wa nguzo, hakupanda mpaka kila nyumba izime swichi kuu, kisha mama mwenye nyumba atundike mlangoni kawa ya kufunikia chakula, zile za Kinubi zilizosukwa kwa rangi kali, iwe ishara kwamba umeme wa nyumba hiyo umezimwa. Mtaa ulivyopendeza, jamani! Hadi leo nautamani.

Siku hiyo mlango mmoja tu ulikuwa mtupu, na ulikuwa wetu. Bwana harusi alikuwa ameleta jenereta, ameichomeka kwenye soketi ya ukutani kwetu ili ngoma iendelee.

"Shemeji, panda tu!" alimwambia Baba. "Umeme haiko! Wageni nachoka!"

"Haiko upande wa transfoma," Baba akajibu. "Hii jenereta yako je? Itasukuma umeme kwa waya mpaka kwa mikono yangu."

Mimi, msichana mwenye gauni jipya, niliona aibu mbele ya wageni. Nikamvuta mkono apande upesi. Akanitazama bila hasira.

"Binti, unataka ngoma ama unataka baba?"

Nilikimbia nikazima swichi kuu, nikanyakua kawa juu ya sinia la pilau, nikaitundika, ndipo Baba akapanda. Nzi nao wakala harusi.

Leo kutoka Bwaise hadi kilima cha Lubaga, mabati yamejaa sola, nami nafurahi kuona watoto wanasoma bila moshi wa taa. Ila zamani, ukiacha jenereta ya nadra kama ile, umeme ulitoka kwenye transfoma tu. Siku hizi hata paa lako linaweza kuurudisha kwenye waya wa mtaa, wakati fundi aliye juu ya nguzo anadhani umezimwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usifungiwe sola na mtu wa kubahatisha. Dai swichi inayojikata yenyewe umeme wa mtaa unapopotea. Na mafundi wakija, toka nje uwaambie una sola, hata kama unaona wanajua.

Baba alizeeka. Alifia kitandani mwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na bado namkumbuka nikisikia harufu ya pilau. Mungu akujalie jua la kutosha, na kila anayepanda nguzo ya mtaa wako ashuke salama, arudi kwa binti yake.