Watoto Wanono wa Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza ya kazi katika wodi ya wazazi, hapa Kamina, mji wa reli, mkunga mkuu alinifunulia mtoto aliyezaliwa mfu. Alikuwa mzuri ajabu: mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo ya unono, midomo imefumbwa kana kwamba amekataa kusema. Niliogopa.

"Angaria muzuri," aliniambia. "Weye unaona mutoto munono. Miye naona sukari."

Ndivyo nilivyoanza kufundishwa kisukari cha mimba. Mimba hudhoofisha insulini, ile inayoondoa sukari kwenye damu, na mama akiwa mnene sana mzigo huzidi. Sukari humpitia mtoto, naye hunenepa kupita kiasi. Wengine hunyamaza tumboni siku za kuzaliwa zikikaribia.

Vita vilipofika, treni ziliacha kuja, na dawa ya kupimia mkojo ikaisha. Daktari mkurugenzi, mtu wa maneno machache, akaagiza tumwage mkojo wa kila mama mahali pake nyuma ya wodi, tungoje sisimizi, maana hufuata sukari. Kusema kweli niliichukia kazi ile. Mji kimya, stesheni haina filimbi, nawe umesimama juani ukitazama mstari mweusi ukitoka kwenye nyasi kumtafuta mtu.

Sisimizi walimpata Mama Ngoie, mke wa fundi wa reli, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekwisha kuzika watoto wawili. Wote walikuwa wanono, na wote walizaliwa kimya. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na insulini hatukuwa nayo. Nikamkataza chai ya sukari, nikampunguzia bukari, ugali wetu, nikamwongezea matembele na samaki, nikamwamuru atembee kila akimaliza kula.

"Vita njo weye mwenyewe, mama!" alinitania. Lakini alitii, na sisimizi wakapungua.

Mtoto alizaliwa mchana, akalia. Hakuna aliyepiga vigelegele. Punde akaanza kutetemeka, mwili baridi, macho yamekodoka. Mama mkwe wa Ngoie akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Bandugu zake bale bawili banamwita," alisema. "Musimuguse."

"Hapana, mama," nikamjibu. "Alizoea sukari ya mama yake, sasa imekatika. Anyonye sasa hivi!"

Insulini ya mtoto mwenyewe ilikuwa bado inafanya kazi kana kwamba yumo tumboni, ikimaliza sukari kidogo aliyobaki nayo. Nikamweka kifuani kwa Ngoie. Akanyonya, na mtetemo ukaisha taratibu.

Walipokwisha kurudi nyumbani nilikwenda kambi ya reli kumwangalia. Nikakuta matanga. Wanawake wamekaa chini, wanalia, na jirani akaniambia mtoto wa Ngoie amefariki. Nikakaa, nikalia machozi ya kweli.

Mama mkwe akaniinamia sikioni. "Lia kwa nguvu, mama. Anaamuka."

Nyuma ya ukuta nilimsikia mtoto, sauti nyembamba yenye njaa. Walikuwa wametangaza kifo chake ili wale wanaomwita wasiendelee kumngoja.

Sasa nimestaafu. Ninyi wauguzi vijana mnachoma kidole, mashine inasema, na ninafurahi. Pimeni mapema, msimcheke mama mnene, mtoto anyonye upesi. Huwa mnaniuliza, mkicheka, kama mimi niliyesomea insulini niliamini kwamba matanga yale yangewadanganya waliomwita. Sikuamini. Lakini nililia mpaka sauti ikakauka, mtoto asije akasikika.