Shati la Huku Juu

Mdogo wangu anashona magodoro na mito ya sufi, na kazi anaijua. Ukimpitia asubuhi utamkuta amekaa chini, nyusi nyeupe kwa sufi, anachambua mbegu huku anapiga soga. Tulikuwa tunamtania kwamba amezeeka kabla ya siku zake. Mkewe alipofariki, alimlea binti yao humo humo: chumba cha mbele kazi, cha nyuma kulala.

Mtoto akashikwa na pumu. Tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyosema, lakini kifua kikimbana hata maji hawezi kuomba. Daktari alieleza mpaka nikaelewa hata mimi mbishi. Kuna vidudu visivyoonekana kwa macho, vinaishi kwenye magodoro na mito, na uchafu wao ndio unaomchokoza. Vinapenda joto na unyevu kama wa kule chini kwao. Huku milimani ninakokaa hewa ni baridi na kavu, kwa hiyo havistawi. Akasema mlima haumponyi, dawa ya kuvuta aendelee nayo, ila atapata nafuu.

Basi akaletwa kwangu akiwa na miaka sita. Mimi ni dobi wa nyumba ya wageni, na ulimi wangu watu wanaujua, lakini yule mtoto alinishinda. Mwezi wa pili alikuwa anaruka kamba uani na kunisema kwa majirani kwamba nakoroma. Jamani, nilifurahi hata kusemwa.

Nikaharibu mwenyewe. Baba yake alikuja kumwona na mto mdogo, foronya yake ameishona kwa gauni la marehemu. Ningemwambia nini? Mtoto aliukumbatia hata chai hakunywa. Nikajidai mjuzi: nikaivua foronya, nikaichemsha, nikaipiga pasi ya moto, nikairudishia. Sufi ya ndani sikuigusa. Udobi wangu wote uliishia kwenye kitambaa.

Siku ya nne, saa nane mchana, nikasikia kamba imenyamaza. Nilimkuta ameinama, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Hospitali tulikaa siku tano. Nililia mpaka nesi akaniomba nitoke nje.

Baba yake nilimweleza kwa simu. Akauliza, "Dada, kwa hiyo ni mimi?"

Nikamwambia ni sufi, si yeye.

"Si ndiyo hiyo hiyo," akasema.

Hajui kazi nyingine, na hiyo ndiyo inayomlisha mtoto. Tangu siku ile nimeweka sheria. Akija hapiti sebuleni. Anazunguka uani, anaoga, nguo alizokuja nazo zinaingia kwenye ndoo ya maji ya moto, halafu anavaa shati ninalomtunzia huku juu. Muda wote huo mtoto yuko ndani na mlango nimeufunga kwa ufunguo, anauliza kama baba amemaliza. Nani amenipa ubabe huo, sijui. Siku nyingine najichukia.

Juzi alikuja. Akatoka bafuni ananukia sabuni, kola imesimama kwa pasi yangu. Nikafungua mlango. Chiriku alimkimbilia bila hata kuhema, akajizamisha kifuani kwake. Halafu akanyanyua uso, akamnusa shingoni, akamnusa begani.

"Shangazi," akaniita, "mbona baba hanuki kama baba?"

Mdogo wangu alicheka, akamwambia hiyo ni sabuni ya shangazi yako, kali kama mwenyewe. Akamweka chini taratibu, akaenda uani. Alipokawia nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo, anazifua zile nguo zake, anazikamua, ananusa, anazirudisha majini. Dobi ni mimi, lakini sikuthubutu kumpokea.