Sifuri ya Mwalimu Nazibrola

Mwalimu Nazibrola alikuwa na maringo ya kitu kimoja tu. Mavazi hakuyajali, na mapishi si jambo la kujivunia katika mji wa Kutaisi, maana huko kila mtu anajua kupika. Alichoringia ni kwamba katika miaka thelathini na minne ya kufundisha chuoni, hakuna mwanafunzi wake aliyebebeshwa kazi ya kwenda nayo nyumbani.

"Kwangu mnashibia mezani," aliwaambia kila mwaka ulipoanza. "Mgeni akitoka kwangu na kifurushi cha kwenda kupika kwao, mwenye aibu ni mimi."

Alifundisha kutambua mizabibu kwa majani yake. Ungempa jani lililokauka, lenye matundu ya wadudu, angelipitishia kidole upande wa chini penye vinyoya, kisha akuambie kama ni mzabibu wa aina ya Tsolikouri au Krakhuna, na pengine limetoka kijiji gani. Alikuwa na makabati matatu ya majani yaliyobanwa kwenye karatasi, mengine ya mizabibu ambayo siku hizi huioni katika shamba lolote. Walimu wenzake walimcheka kwamba ameolewa na majani. Wacheke, lakini wakinunua miche sokoni walikuja kumwuliza yeye kama wamepunjwa.

Na mrithi alikuwa amempata. Msichana aliyeitwa Tekle, mtoto wa wakulima, mkimya, mwenye vidole vinavyosikia. Otia, mkuu wa kitivo, alikuwa ameahidi: somo likiingia kwenye mtaala mpya, Tekle ataajiriwa kama msaidizi, na Nazibrola akistaafu somo litakuwa lake. Nazibrola alikuwa na miaka sitini na saba. Hakuomba kingine.

Huo mtaala mpya ulitokana na makubaliano. Nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimepatana kuvipima vyuo vyao kwa kipimo kimoja, ili kijana wa Kutaisi akienda kusoma kwingine apokelewe na elimu yake, asiambiwe aanze upya. Nazibrola aliliunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Alisema hata divai hupimwa kwa lita kila mahali, sembuse akili za watoto.

Mwezi wa Mei wakaja wageni kutoka vyuo vya nchi nne, wakiongozwa na Annelore, mama mrefu mwepesi wa kucheka. Asubuhi nzima walikaa na walimu ukumbini, pamoja na mkalimani, wakieleza fomu mpya kisanduku kwa kisanduku. Nazibrola hakuwepo. Alikuwa kwenye maabara yake, mikono imejaa unga, akioka mikate ya jibini na kuponda kokwa za jozi za mchuzi wa kuku. Wageni wametoka mbali, nani angewaandalia meza? Walipofika mezani walikuta sahani kumi na tatu, na Jumber, mwalimu wa uchumi wa kilimo, amesimama na glasi akiongoza dua za kutakiana heri. Annelore alikula, akaapa kwamba hajawahi kula hivyo, na Nazibrola kwa furaha akamfungia karatasi arobaini za majani, nakala za yale ya kabatini, aende nazo.

Wiki iliyofuata kila mwalimu alijaza fomu. Kisanduku kimoja kiliuliza mwanafunzi anasoma saa ngapi peke yake nyumbani. Nazibrola alikitazama akatabasamu. Hatimaye, alifikiri, watajulikana wanaofundisha na wanaowatupia watoto mzigo. Akaandika sifuri, kubwa, akaikandamiza kalamu. Jumber, ambaye husoma daftari lililogeuka manjano huku darasa likisinzia, aliandika mia na ishirini.

Septemba orodha ya masomo ya mtaala mpya ikabandikwa. Somo la Jumber lilikuwa na pointi sita. La Nazibrola halikuwemo. Alisoma orodha mara tatu, akapanda ngazi hadi kwa Otia akitweta.

"Pointi zinatokana na saa zote za mwanafunzi, za darasani na za nyumbani," Otia alimweleza bila kumtazama. "Wewe ulileta arobaini na tano za darasani basi. Hazifiki hata pointi mbili. Na chuo kimeamua, chini ya tatu somo halisimami."

"Kwa hiyo ningewatesa watoto ndipo ningefaulu?"

"Si ungeongeza kidogo tu, mama yangu?"

"Niongope?"

"Ukadirie. Mbona walieleza ukumbini."

"Mimi nilikuwa nawaokea mkate, Otia. Na wewe ulikula minne."

Otia alishika paji la uso. Orodha ilikuwa imekwishapelekwa, akasema, na ingeangaliwa tena baada ya miaka mitano. Nazibrola alihesabu umri wake, akashuka ngazi polepole. Siku ile alilia chooni, mwanamke mzima, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Bila somo hapakuwa na kazi ya Tekle. Ila makubaliano yaleyale yalikuwa na ufadhili wa masomo, na Tekle akaupata, kwenye chuo cha Annelore. Nazibrola alimsindikiza hadi kwenye basi la uwanja wa ndege.

"Nenda, mama," alimwambia, kama wanawake wa kule wanavyowaita mabinti zao. "Usome, kisha urudi."

"Nirudi kufundisha nini, mwalimu?"

Nazibrola alimfunga skafu vizuri shingoni, akaifungua, akaifunga tena.

Februari, saa ya chakula cha mchana, Tekle alipiga simu.

"Tumeanza somo la majani, mwalimu. Zile karatasi zako arobaini. Mwandiko wako ule ule."

"Basi si utawapita wote?"

"Niliomba nisilirudie. Wakatazama karatasi yangu ya matokeo, somo lako halimo, maana halina pointi. Hawana ubaya, Annelore mwenyewe alisikitika. Wakasema nianze mwanzo."

Nazibrola aliketi juu ya sanduku la miche. Alitaka kumfurahisha mtoto, akauliza kwa utani, "Na nyumbani wanakubebesha saa ngapi?"

"Tisini."

"Maskini wee. Hujazoea."

Nazibrola alisikia mlango ukifungwa upande wa Tekle.

"Nimezoea, mwalimu. Kwako zilipita mia. Nilikuwa nazunguka shamba la babu kila jioni, nakwangua vinyoya mpaka vidole vinachubuka. Wote tulikuwa hivyo. Mwenzetu Gela alikariri majani ndani ya treni. Darasani peke yake nani angeweza?"

"Mlisema mnashibia mezani."

"Wewe ndiye uliyesema. Ulikuwa unafurahi sana ukisema. Tukapatana tusikwambie."

Nazibrola aliishika simu kwa mikono miwili. Kichwani aliwaona, madarasa thelathini na manne, wamekaa mbele yake na vidole vilivyochubuka, wanamwitikia ndiyo mwalimu, tumeshiba. Hakuna aliyekuwa amemdanganya kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Mwalimu? Upo?"

"Nipo, mama," alisema. "Vaa kofia, huko kuna baridi."